Deiwaka Aitwaye Do

Mtu akisema "Asha anauza samaki", sauti yake ndiyo itakayokujulisha kama anakupa habari au anaitafuta. Maneno ni yale yale na yamepangwa vile vile. Akiwa anauliza, sauti hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha hushuka ghafla. Akiwa anaarifu, huteremka polepole bila haraka. E. O. Ashton, aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyosomwa na vizazi vya wageni, aliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kukitaja kiimbo katika jina lenyewe la kitabu chake cha mwaka 1944. Alifanya vyema. Mgeni asiyesikia kiimbo chetu ataitikia "mhh" mahali pa swali, na mahali pa taarifa ataanza kujieleza bila kuulizwa.

Kiingereza nacho kina kiimbo, ila hakikukiachia kazi yote. Kinataka swali lionekane hata kwenye karatasi, tena mwanzoni kabisa, kabla msomaji hajaifikia alama ya kuuliza. Kwa hiyo hupangua maneno: "Asha is selling fish" ikawa "Is Asha selling fish?" Aliyekizungumza tangu utotoni haoni ajabu yoyote hapo, lakini ajabu ipo. Mwanaisimu Matthew Dryer alilinganisha lugha 955 za dunia kwa namna zinavyouliza maswali ya ndiyo au hapana. Lugha 585 hutumia kijineno maalumu, kama "je" yetu. Lugha 173 hutegemea kiimbo peke yake. Zinazopangua maneno ni 13 tu, Kiingereza na Kijerumani zikiwemo. Ipo na moja huko Mexico, Kimixteki cha Chalcatongo, ambayo haitofautishi swali na taarifa kwa lolote, hata kwa sauti, na wenyewe wanaishi na kuelewana.

Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza, anakutana basi na kitu ambacho lugha nyingi duniani hazinacho. Akikosea, hajakosa akili. Amekutana na adimu. Wa kumvusha ni mwalimu wake. Nimekaa nyuma ya darasa la mwalimu mmoja wa namna hiyo, mama wa makamo katika shule ya kata, aliyesomesha kidato cha kwanza kwa miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wake. Nilitoka humo nikiamini kwamba kufundisha swali la Kiingereza ni ufundi kamili, wenye zana zake na siri zake, na kwamba wengi wetu tulifundishwa na watu waliozijua siri hizo tusiwashukuru.

Hakuanza na kanuni. Aliandika ubaoni "Asha is selling fish", akauliza kwa Kiswahili: "Daladala likifika kituoni, nani anashuka kwanza?"

"Konda!"

"Na dereva?"

"Anabaki!"

Akapigia mstari "is", akasema huyu ni konda. Akapigia mstari "selling", akasema huyu ni dereva. Swali likiitwa, konda anaruka chini na kwenda mbele, dereva habanduki. Akaandika "Is Asha selling fish?" chini ya ile ya kwanza, maneno yakiwa yamelingana wima, Asha chini ya Asha, samaki chini ya samaki, ili jicho lione lenyewe kwamba kilichohama ni kimoja. Kulinganisha huko kwa wima kulimgharimu muda. Alisogea nyuma, akatazama, akafuta neno moja na kuliandika upya inchi mbili kulia. Darasa lilikuwa limejaa hadi madirishani na kengele haikuwa mbali, lakini hakuharakisha. Nilikuja kuelewa kwamba nusu ya somo ilikuwa katika hizo inchi mbili.

Halafu akaandika sentensi aliyoijia hasa: "Asha sells fish." Akauliza konda yuko wapi. Kimya. Kijana mmoja wa dawati la kati akajaribu: "Sells Asha fish?"

"Umemshusha dereva," mwalimu akasema, na darasa likacheka.

Kijana yule angezaliwa Uingereza ya miaka 600 iliyopita, hakuna ambaye angemcheka. Kiingereza cha kale kilifanya hivyo hivyo: kitenzi chochote kiliweza kuruka mbele ya kiima chake na swali likawa limekamilika. Kijerumani hufanya hivyo hadi leo, "Verkauft Asha Fisch?" ni swali safi, dereva mwenyewe ameshuka na hakuna aliyeshtuka. Wakati Shakespeare alipokuwa akiandika, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ile ya 17, njia zote mbili zilikuwa hai, ya zamani na hii ya leo ya kumtanguliza "do", na mtu aliweza kuzitumia zote katika mazungumzo yale yale. Msweden Alvar Ellegård alipekua maandishi mengi ya karne zile na mwaka 1953 akachapisha hesabu zake za jinsi "do" alivyoingia hatua kwa hatua. Vitenzi havikuhama pamoja. "Know" kilikuwa miongoni mwa vilivyochelewa kumkubali, nadhani kwa sababu kilitamkwa kila siku, na mazoea ya kila siku hayang'oki upesi.

Huyu "do" alitoka wapi, wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaoelekeza kidole kwa Kiwelisi na Kikonishi, lugha za Wakelti waliokuwa kisiwani kabla ya Waingereza kufika, ambazo nazo hutumia kitenzi chenye maana ya kutenda kusaidia vitenzi vingine. John McWhorter ameitetea sana hoja hiyo. Wengine wanasema alikua mlemle ndani ya Kiingereza. Kwa muda fulani katika karne ya 16 alisambaa hata kwenye taarifa za kawaida, mtu akisema "She does sell fish" bila kusisitiza chochote. Kisha taarifa zikamwachisha kazi. Alibaki kwenye maswali na ukanushi, na kwenye taarifa huitwa tu pale msemaji anapobishana.

Mwalimu hakuyasema hayo na hakuna aliyeyahitaji saa ile. Alisema: "Gari halina konda. Tufanyeje?" Msichana wa karibu na mlango akajibu kama mtu aliyekulia stendi: "Tunachukua deiwaka."

Msomaji asiye wa Dar es Salaam aelezwe kwamba deiwaka ni yule asiye na ajira garini, anayeshika zamu ya mwenye kazi kwa siku moja au kwa ruti chache. Sijasikia maelezo bora kuliko hayo ya "do" ya Kiingereza. Haina maana yake yenyewe katika swali. Haimaanishi kufanya wala kutenda. Imeitwa kwa sababu kazi ya kushuka mbele lazima ifanywe na mtu, na dereva haruhusiwi.

Akaandika "Do" mbele ya Asha. Sasa ubao ulisomeka "Do Asha sells fish?" na hapo ndipo nilipoona kile nilichokwenda kukiona bila kujua. Dasta ilikuwa mezani. Hakuigusa. Alilowesha kidogo ubavu wa kidole chake cha mwisho, akakiweka juu ya herufi ya mwisho ya "sells", akaisugua mara moja. Ile "s" haikupotea kabisa. Ulibaki ukungu mweupe wenye umbo lake. Kisha, bila kusema neno, akaenda kwenye "Do" na kuongeza "es" kwa chaki nzito. Akarudi kando ya ubao.

"S imekwenda wapi?"

"Imehamia kwa deiwaka!"

Dasta ingefuta ushahidi. Ule ukungu ulimwonyesha mtoto kwamba herufi ilikuwa hapa na sasa iko kule, kwamba Kiingereza hakikuongeza wala kupoteza kitu, kimehamisha mzigo kutoka kwa dereva kwenda kwa aliyeshuka. Aliporudia na "Asha sold fish", alifuta "old" kwa kidole kile kile, akaandika "ell", na wakati uliopita ukahamia kwa "Did". Waliokaa mbele walinyoosha shingo kuutazama ukungu wa "o". Nimeona vitabu vyenye mishale ya rangi nne vikijaribu kueleza jambo hili hili, na hakuna kilichofika karibu ya kidole kile.

Walipoanza kuandika wenyewe, kosa la kwanza lilikuwa lile linalojulikana na kila aliyewahi kusahihisha madaftari: "Does Asha sells fish?" Mwalimu alipita kati ya madawati akinong'ona "s mbili, s mbili", akigusa daftari moja baada ya jingine. Huwa tunaliita kosa hili uzembe. Mimi nadhani ni Kiswahili kinachofikiri kwa usahihi wake. Kwetu vitenzi viwili vikiongozana, kila kimoja hubeba alama zake: "alikuwa anauza", "a" huku na "a" kule. Hakuna anayemvua mwenzake. Mtoto aliyezoea adabu hiyo anaona ni ukatili kumwacha "sell" mtupu, bila nafsi wala wakati, ati kwa sababu mbele yake amesimama msaidizi. Mwalimu yule analijua hilo mikononi, kwa sababu hakukaripia. Alirudi ubaoni akausugua tena ukungu kwa kidole.

Kuna faida Kiingereza kinayoipata kwa usumbufu wote huu, na inafaa kuikubali. Msikilizaji akisikia "Does" tu, kabla sentensi haijaendelea, tayari ameshika mambo matatu: kuna swali linakuja, ni la wakati uliopo, na anayeulizwa habari zake ni mmoja, naye si mimi wala wewe. Kiswahili hubana siri hadi mwisho. Muulize mkalimani wa papo kwa papo. Mzungumzaji wa Kiswahili akianza "Mheshimiwa alikuwa anazifahamu taarifa hizi kabla ya kikao kilichopita...", mkalimani aliyevaa visikilizio lazima afungue mdomo kwa Kiingereza wakati hajajua kama aanze na "Did" au la. Swali au tuhuma? Akisubiri, ataachwa nyuma. Akianza kama taarifa na sauti ikaja kupanda mwishoni, itabidi ashone mkia wa haraka kugeuza alichokwisha kusema. Tangu Februari 2022, Umoja wa Afrika ulipokifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, wanaoshona mikia hiyo wana kazi zaidi.

Ndiyo maana, kwenye hadhara, Kiswahili nacho huweka bendera mbele. Sikiliza kipindi cha maswali na majibu pale Dodoma: "Je, Serikali ina mpango gani wa..." Sentensi inayofuata inaweza kuwa ndefu kama barabara anayoiombea lami mbunge, lakini "je" imeshamwamsha waziri. Nyumbani hatuhitaji bendera. Mama akisema "umekula" hatuchanganyikiwi.

Nirudi darasani, kwa mvulana mwingine ambaye alifanya jambo lililonivutia kuliko majibu yote sahihi. Alipoulizwa ageuze "Asha sells fish" iwe swali, aliisoma vile vile ilivyo na kupandisha sauti: "Asha sells fish?" Wenzake wakaguna. Mwalimu akanyoosha mkono kuwanyamazisha, akaiandika sentensi hiyo kwenye pembe ya juu ya ubao, akaichorea kiboksi. "Hii siifuti," akasema. "Ni Kiingereza. Ila anayeuliza hivi tayari ana jibu kichwani."

Sikutarajia kuisikia nukta hiyo kidato cha kwanza. Mwingereza akikuambia "Were you at the market?", hajui na anataka kujua. Akisema "You were at the market?", amesikia mahali, au amekuona na kikapu, na sasa anastaajabu au anakubana. Mpangilio wa taarifa katika swali huja na dhana yake. Mawakili hula kwa kitu hicho. Katika kanuni za ushahidi tulizorithi kutoka Uingereza, wakili hatakiwi kumwongoza shahidi wake mwenyewe kwa maswali yaliyobeba majibu. Akimgeukia shahidi wa upande wa pili ndipo huachiwa nafasi hiyo, na hapo utasikia taarifa baada ya taarifa, kila moja ikiwa na alama ndogo ya kuuliza mwishoni. Kiswahili, kwa kuwa swali na taarifa ni sura moja, humwachia wakili mwanya huo akafanya kwa sauti tu kile ambacho mwenzake wa Kiingereza hufanya kwa kukataa kumshusha konda.

Maneno ya kuulizia, kama "where" na "why", yalikuja wiki nyingine na sitayakalia sana, maana ugumu wake ni mdogo na unajulikana. Sisi huliacha neno la kuulizia pale ambapo jibu lingekaa: "Unakwenda wapi?" kwa sababu jibu ni "Ninakwenda sokoni". Kutokana na hapo ndipo mitaani Nairobi na Dar es Salaam unasikia "You are going where?", ambayo kwa Mwingereza ni swali la mtu asiyeamini masikio yake. Mtego mbaya zaidi ni "kwa nini", kwa sababu lenyewe hukaa mbele hata kwetu, lakini halimsogezi mtu mwingine: "Kwa nini hukuja?" Mtoto huona neno la kuulizia limeshafika mbele, akaamini kazi imekwisha, akaandika "Why you didn't come?" Konda amebaki garini.

Kinachofariji ni kwamba watoto wa Waingereza na Wamarekani hupita njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1960 Roger Brown na wenzake wa Harvard waliwafuatilia watoto watatu nyumbani kwao wakirekodi maneno yao, na Ursula Bellugi aliyekuwa katika kundi hilo aliona kwamba mtoto anaweza kuwa ameshamudu kumtanguliza msaidizi katika swali la ndiyo au hapana, lakini ukiongeza neno la kuulizia, akamwacha msaidizi nyuma ya kiima. Kwa wanaojifunza ukubwani, Manfred Pienemann na wenzake walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hatua huja kwa mfuatano unaofanana hata kama wanafunzi wanatoka lugha tofauti: kwanza sauti tu, kisha neno la kuulizia mbele ya sentensi isiyopanguliwa, kisha "is" inaanza kuruka, na "does" ya katikati inachelewa. Mwalimu wa shule ya kata anaujua mfuatano huo kwa madaftari. Hamlaumu wa hatua ya pili kwa kutofika ya nne.

Kuna jambo moja tu ambalo watoto hawakosei, na ni lile ambalo kwa hesabu lingekuwa gumu kuliko yote. Chukua "The boy who is crying is hungry." Kuna "is" mbili. Ipi inahama? Kanuni rahisi kuliko zote, chukua ya kwanza unayokutana nayo, ingezaa "Is the boy who crying is hungry?", takataka. Inayohama ni ya pili, kwa sababu ndiyo ya sentensi kuu. Ile ya kwanza iko ndani ya kifungu kinachomweleza mvulana. Noam Chomsky aliitumia mifano ya namna hii kudai kwamba akili ya mtoto haihesabu maneno, inatazama muundo. Mwaka 1987 Stephen Crain na Mineharu Nakayama walichapisha jaribio lao kwa watoto 30 wa Marekani, wa miaka mitatu hadi mitano. Walimwekea kila mtoto mwanasesere wa Jabba the Hutt, lile jitu nene la filamu za Star Wars, wakamwambia amuulize Jabba kama mvulana fulani aliyemo pichani yuko hivi au vile. Watoto walikosea kwa namna mbalimbali. Wengine walitaja "is" mara tatu, mbele na katika nafasi zote mbili. Lakini hakuna hata mmoja aliyeing'oa ile ya ndani ya kifungu na kuacha shimo. Nilipomsimulia mwalimu yule habari za Jabba alicheka, kisha akaniambia kwamba hata wanafunzi wake hawajawahi kuing'oa hiyo. Sina sababu ya kumbishia. Kwa Kiswahili mvulana huyo ni "anayelia", neno moja lililofungwa. Hakuna anayeingiza mkono ndani ya neno kutoa kipande.

Kisha, ndani ya mwaka, inafika siku ya usaliti. Wanafunzi wamekwisha kumudu. Konda anaruka kila aitwapo, s haziko mbili tena, "Where does she live?" inatoka bila kigugumizi. Hapo mwalimu anaandika "I don't know" na kuwataka waunganishe. Darasa zima, kwa fahari: "I don't know where does she live." Na si hivyo. Swali likiingizwa ndani ya taarifa linaacha kuwa swali, deiwaka analipwa na kwenda zake, s inarudi kwa dereva: "I don't know where she lives." Waliojitahidi zaidi ndio wanaokosea zaidi. Asiyejua kupangua anapata alama kwa bahati. Katika mfuatano wa Pienemann kufuta mpanguo kunakaa kileleni kabisa, na nimewasikia maprofesa wakijikwaa hapo kwenye redio.

Mwalimu alishughulika na jambo hilo kwa kidole kile kile. Aliifuta "does", akaacha ukungu, akaenda kwenye "live" na kurudisha "s" juu ya ukungu wa zamani. Akasema tu, "Amerudi kwake," akaendelea. Hakutoa kanuni yenye jina. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema kanuni wataikuta kwenye kitabu na kuisahau, ila hawatasahau aliyehama.

Zoezi lake la mwisho ni la mdomo, na hulifanya kila anapopata mgeni. Siku ile mgeni nilikuwa mimi. Kila mwanafunzi anauliza swali moja kwa Kiingereza, mgeni anajibu, na mwalimu hasahihishi hapohapo. Anakaa pembeni na kipande cha karatasi akiandika vitu vyake. Niliulizwa "Do you have a children?" na "Why you are bald?" na "Did your mother wanted you to be a writer?" Hujapata kuulizwa hadi uulizwe na kidato cha kwanza. Msichana yule aliyemtaja deiwaka akasimama, akafikiri kidogo, akasema: "Who sent you?"

Wenzake wakanyanyua mikono. Madamu, deiwaka hayupo! Inatakiwa "Who did send you!" Mwalimu akaweka karatasi chini, akamtazama msichana, akamwambia ajitetee. Akasema kwa Kiswahili, bila uhakika sana, kwamba "who" ndiye aliyetuma, kwa hiyo amekaa kwenye kiti chake tayari. Akiniuliza nani nilimtuma mimi, hapo ndipo atamwita "did". Mwalimu akaandika zote mbili ubaoni, "Who sent you?" na "Who did you send?", akalinganisha "who" chini ya "who", akasogea nyuma kutazama, akasema ni sawa, na ugomvi ukaendelea kwa dakika nzima kati ya waliokubali na waliosema Kiingereza kinapendelea.

Walipotulia wakakumbuka kwamba sijajibu. Nikasema: "My editor."